Umri Aliopewa na Karani: Kisa cha Bibi Mmoja wa Pemba na Pensheni Jamii ya Zanzibar

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70, zikitoka katika bajeti ya serikali yenyewe, bila ya mtu kuulizwa alipata kufanya kazi gani, ana watoto wangapi au ana mali kiasi gani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa ametimiza umri huo kwa hesabu yetu sisi watu wake. Kwa hesabu ya kitambulisho chake alikuwa na miaka 64. Tofauti hiyo ya miaka sita ilimweka nje ya malipo kwa miaka mitatu kamili, na yaliyotokea ndani ya miaka hiyo, pamoja na yaliyofuata alipoanza kulipwa, ndiyo ninayotaka kuyachambua hapa. Nayaandika kwa ridhaa yake, na kwa sharti lake kwamba jina lake, shehia yake na majina ya waliohusika yasitajwe.

Bibi amezaliwa na kuishi kusini mwa Pemba. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa ile ya wanawake wengi wa kisiwa hicho. Msimu wa karafuu ukifika alikaa jamvini na wenzake wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo mpaka usiku. Msimu ukipita alilima mpunga bondeni, akafukia makumbi ya nazi pwani, akayafukua yakishaoza na kuyapiga, kisha akasokota kamba za kuuza. Katika miaka yote hiyo hapana hata senti moja iliyokatwa kwa jina lake kuwa mchango wa uzeeni, kwa sababu hapakuwa na mwajiri wa kuikata. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulianzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya walioajiriwa, na wakati huo yeye alikwisha kuvuka miaka hamsini, mumewe amekufa, na mikono yake imeanza kuchoka. Karafuu alizozichambua zilisafirishwa, zikaingizia nchi fedha za kigeni, zikalipa mishahara ya watu ambao leo wana kiinua mgongo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaoizungumzia Pensheni Jamii kana kwamba ni sadaka ya serikali kwa watu wasiochangia kitu.

Kabla ya mwaka 2016 serikali ilikuwa na mkono wake kwa wazee, lakini ulikuwa mkono wa namna nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, chini ya Mzee Abeid Amani Karume, wazee wasio na watu walitunzwa katika makao maalumu, na mpaka leo majina ya Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba yanajulikana na kila mtu. Ni jambo la heshima kwa nchi kuwa nalo. Lakini mlango wa makao hayo ulifunguliwa kwa mzee asiye na mtoto wala ndugu wa kumwangalia, na maana yake ni kwamba mzee mwenye watoto alihesabiwa kuwa ameshapata hifadhi. Bibi ana watoto watano walio hai. Mmoja yuko Unguja, mmoja Tanga, mmoja Oman, wawili wako kijijini. Wote wanampenda, na wote wana watoto wa kusomesha. Aliyeko Oman alituma fedha alipoweza. Aliyeko Tanga alituma Ramadhani na Sikukuu. Wa kijijini walimletea samaki na ndizi. Hakulala na njaa. Alichokosa ni shilingi aliyoweza kuitoa mfukoni mwake bila ya kumwomba mtu na bila ya kumweleza mtu ni ya nini, na hicho ndicho ambacho hakuna makao ya wazee wala mtoto mwema anayeweza kumpa.

Pensheni Jamii ilitokana na Sera ya Hifadhi ya Jamii ya Zanzibar ya mwaka 2014, na ilipoanza ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki kulipwa wazee wote wa umri fulani kwa fedha za serikali yenyewe. Uganda ilikuwa imetangulia kuwalipa wazee tangu 2011, lakini ilianza na wilaya chache na kwa msaada wa wafadhili. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa kumlipa kila mtu wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini haina malipo ya aina hii kwa wazee wote. Kwa hiyo visiwa hivi, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa nyuma kwa fedha, vilikuwa mbele kwa jambo hili, na mwandishi wa maneno haya anaona fahari kulisema.

Sasa nirudi kwenye kitambulisho.

Sheria ya kuwasajili Wazanzibari wakaazi ni ya mwaka 2005. Mwaka uliofuata bibi alikwenda kujiandikisha pamoja na wanawake wengine wa kijiji. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, na cheti cha kuzaliwa hajapata kuwa nacho. Karani alimuuliza ana miaka mingapi, naye akajibu kama watu wa rika lake wanavyojibu: “Hamsini na kitu, mwanangu.” Karani alimtazama, akakadiria, akaandika amezaliwa tarehe 1 Januari 1952. Hakuna aliyelipinga jambo hilo. Wakati ule mwaka wa kuzaliwa ulioko kwenye kadi haukuwa na uzito wowote kwa mwanamke wa makamo. Ilitosha kwamba jina na shehia vimeandikwa sawasawa. Miaka kumi baadaye tarakimu zile nne zikageuka kuwa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa umefungwa mpaka mwaka 2022.

Tuliuliza nyumbani amezaliwa lini hasa. Hakuna mzee wa Pemba asiye na jibu la swali hili, ila jibu lenyewe halimo katika tarakimu. Bibi anakumbuka kifo cha Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar. Anakumbuka wanaume waliorudi kutoka mjini na habari, na anakumbuka kwamba yeye alikuwa ndani na hakuruhusiwa kutoka kwenda kusikiliza, kwa kuwa alikwisha kuvunja ungo katika mavuno ya karafuu yaliyotangulia na alikuwa bado chini ya mikono ya kungwi wake. Seyyid Khalifa alifariki Oktoba 1960. Msichana aliyevunja ungo karibu na wakati huo alikuwa na miaka kama kumi na nne. Hesabu hiyo inatupeleka mwaka 1946. Kwa kadi yake, msichana huyo alikuwa na miaka minane. Mtoto wa miaka minane hawekwi ndani, hachezwi unyago, wala hawezi kuolewa mwaka wa Mapinduzi na kujifungua mtoto wa kwanza mwaka uliofuata, kama bibi alivyofanya. Mtoto huyo wa kwanza, mama yangu, ana cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1965. Ukikiamini kitambulisho, bibi alizaa akiwa na miaka kumi na tatu. Na hapana aliyewahi kuziweka karatasi hizo mbili pamoja juu ya meza moja mpaka sisi tulipoziweka.

Haki inanitaka niseme pia upande wa pili. Afisa anayekataa kubadilisha umri kwa maneno ya mdomo ana sababu. Wazee wetu wengi huhesabu miaka kwa Ramadhani walizofunga, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya serikali kwa siku kama kumi na moja. Mtu anayesema kwa ukweli kabisa kwamba ana miaka 70 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, kwa hesabu ya ofisi amekaribia kutimiza 68. Tena penye malipo hapakosi mwenye tamaa, na daftari likifunguliwa kwa kila anayedai ameishi zama za Masultani, fedha za wenye haki zitagawanywa kwa wasio na haki. Tatizo langu na ofisi tuliyokwenda halikuwa kwamba ilitaka ushahidi. Ni kwamba ilitaka ushahidi wa aina ambayo bibi hakuwahi kupewa nafasi ya kuwa nayo, na mzigo wote wa kuutafuta ukamwangukia mzee mwenye maumivu ya magoti, ilhali kosa la kuandika mwaka wa kukisia lilikuwa la karani.

Tulitakiwa kuleta barua ya sheha, hati ya kiapo na mashahidi wawili wanaomjua tangu kuzaliwa. Barua ya sheha ilipatikana kwa siku moja. Kiapo kilihitaji safari ya mjini na ada. Mashahidi ndio waliokuwa kazi. Mtu anayeweza kuapa kwamba aliona bibi akizaliwa hana budi awe amemzidi umri kwa miaka kadhaa, na kwa mtu wa miaka 70 maana yake ni kutafuta walio karibu na 80, wenye akili timamu, wenye uwezo wa kupanda daladala, na wao wenyewe wawe na vitambulisho vyenye umri sahihi. Shahidi wa kwanza tuliyempata, dada wa binamu, alikataliwa kwa sababu kadi yake ilionyesha amezaliwa 1950. Karani mwingine, siku nyingine, mkadirio mwingine. Huyu aliyembeba bibi mgongoni utotoni, kwa karatasi alimzidi miaka miwili tu. Tulimpata wa pili baada ya miezi minne, na wa tatu baada ya hapo.

Kisha ikaja mashine. Kitambulisho kipya kilihitaji alama za vidole upya. Bibi aliweka kidole gumba juu ya kioo na mashine haikuona kitu. Akaweka cha shahada, hivyo hivyo. Kijana aliyekuwa mbele yake alikuwa na adabu. Alimwambia, “Bibi, futa mkono kwenye kanga kisha ujaribu tena,” akamshika mkono mwenyewe na kuubonyeza taratibu. Nilikitazama kidole kile kwa karibu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ngozi yake ilikuwa laini na yenye kung’aa kama kokwa la embe lililokaa juani, haina mchirizi hata mmoja. Makumbi aliyoyapiga na kamba alizozisokota kwa zaidi ya miaka arubaini zilikuwa zimezisugua alama zake zikaisha. Mwisho kidole kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubaliwa. Nimekuwa nikifikiri tangu siku ile kwamba mwili wake ulikuwa ushahidi uliotosha wa umri wake na wa kazi yake, ila hapakuwa na fomu ya kuujaza.

Marekebisho yalikamilika mapema 2019, na malipo yake ya kwanza yakawa ya Aprili mwaka huo. Kutoka Aprili 2016 hadi Machi 2019 ni miezi 36. Kwa kiwango cha wakati ule ni shilingi 720,000 ambazo hakulipwa. Tulipouliza juu ya malimbikizo tulijibiwa kwamba haki inaanza siku mtu anapoandikishwa. Kwa mtazamo wangu jibu hilo lina kasoro kubwa: kama ofisi yenyewe imekubali kwamba mtu alizaliwa 1946, imekubali pia kwamba alikuwa na miaka 70 siku mpango ulipoanza, na kosa lililomchelewesha halikuwa lake. Bibi hakutaka tulifuatilie. Alisema miaka aliyobakiwa nayo hataki kuimaliza kwenye mabenchi ya maofisi.

Alizipokea zile 20,000 za kwanza mkononi, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Thamani yake wakati mpango ulipoanza ilikuwa kama dola 9 za Marekani, na nakubaliana na anayesema ni kidogo. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuzipima kwa kilo za mchele, tuangalie alizifanyia nini. Mwezi wa kwanza alinunua sukari na sabuni, akatia umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, wa shilingi elfu tatu ingawa hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na akaweka kando elfu mbili. Siku chache baadaye ikatoka habari ya msiba kijiji cha pili. Bibi akavaa buibui, akaenda, akatoa ubani, yaani mchango wa kuwasaidia wafiwa.

Mama yangu ndiye aliyenieleza maana yake. Kwa karibu miaka sita bibi alikuwa hahudhurii maziko isipokuwa ya jamaa wa karibu kabisa, na sote tuliamini ni magoti. Magoti yalikuwepo kweli. Lakini mwanamke wa rika lake anapofika msibani hukaa na wenzake, na mwenye kukusanya ubani anapopita na daftari, kila mmoja hutoa alichonacho na jina lake huandikwa. Ikifika zamu yake kufiwa, daftari hilo hilo hufunguliwa. Bibi alikuwa ameacha kwenda kwa sababu hakuwa na cha kutoa, na aliona haya kuwaomba watoto fedha za kuwapelekea watu wengine. “Mkono mtupu haulambwi,” alimwambia mama, na hakuwa akiulalamikia ulimwengu. Alikuwa akieleza utaratibu. Kwa hiyo tuliyemwona akijitenga kwa uzee alikuwa ametengwa na ukosefu wa shilingi elfu mbili.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, tathmini nyingi za malipo ya wazee hukosea. Huuliza mzee anakula milo mingapi, anatumia dawa, amepunguza deni. Hayo ni maswali ya lazima. Lakini katika jamii yetu mtu huhesabiwa kuwa mtu kwa anachokitoa zaidi kuliko kwa anachokipokea: ubani, tunzo ya harusi, mchango wa hitma, noti anayomtilia mjukuu aliyehitimu juzuu. Mzee anayepokea tu, hata akipokea vingi, huanza polepole kusemewa. Watu humwuliza mwanawe “mama anaendeleaje?” hali mama mwenyewe amekaa hapo hapo. Ushiriki wa wazee katika jamii, ambao sera huuandika kama mabaraza na sherehe za Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba, kwa bibi ulianza upya kwenye daftari la ubani.

Miezi michache baadaye aliingia upatu wa wanawake kumi, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi. Hapo awali hawakuwa wakimwalika. Hawakumchukia, walijua hana pato la uhakika, na upatu huharibika kwa mtu mmoja tu anayeshindwa kutoa. Sasa alikuwa na pato la uhakika kuliko wauza samaki na wachuma karafuu waliomzidi nguvu. Zamu yake ilipofika alipata 50,000 na akamwita fundi amtengenezee mlango wa bati wa choo cha nje, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na pazia la gunia. Sisi watoto na wajukuu tulikuwa tumemletea redio, mashuka, hata simu. Hakuna aliyeuona mlango ule kuwa ni haja, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Wapo wanaoulalamikia mpango huu kwa sababu hulipa hata wasio na shida, na hoja yao haikosi nguvu, kwani shilingi inayokwenda kwa tajiri ingeweza kuongezwa kwa maskini. Jibu langu linatokana na jambo lingine lililomtokea bibi. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, ulipofika, kaya zilitajwa kwanza katika mkutano wa hadhara, watu wakasema nani ni maskini na nani siye. Bibi hakwenda mkutanoni na akawakataza wanawe wasimtaje. Kwake, kusimamishwa mbele ya majirani na kutangazwa maskini ilikuwa ni kuwatangaza watoto wake kuwa hawamtunzi. Sisemi mpango ule ni mbaya. Kuna kaya nyingi zilizopona kwa sababu yake. Nasema kwamba malipo yanayohitaji ushahidi wa ufukara humtoza mzee bei ambayo haimo kwenye hesabu za wataalamu. Pensheni inayolipwa kwa umri haimtangazi mtu kuwa ni chochote isipokuwa kwamba ameishi muda mrefu, na hilo kwetu ni sifa.

Mwaka wa pili wa malipo magoti yalizidi, na bibi akamteua mjomba wangu awe mwakilishi wake wa kumpokelea. Nalieleza hili kwa uzito, kwa kuwa mjomba si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, yeye ndiye aliyeezeka jiko lake. Lakini fedha zilianza kufika pungufu: mara elfu kumi na tano, mara elfu kumi na maelezo, mara kilo ya sukari na “zilizobaki nimelipia fundi.” Kwa hesabu yake mjomba alikuwa akitumia zaidi ya zile 20,000 kwa ajili ya mama yake, kwa hiyo hakuona ameiba. Na kwa hesabu ya shilingi huenda alikuwa sahihi. Alichokichukua, bila ya kukijua, ni ule uamuzi. Bibi akaanza tena kukosa maziko, akachelewesha upatu mara mbili, na hakusema neno kwa sababu ni aibu kumshitaki mtoto anayekutunza.

Januari 2016, miezi mitatu kabla ya malipo ya kwanza ya Zanzibar, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki juu ya haki za wazee, iliyoanza kutumika rasmi Novemba 2024. Ndani yake imo haki ya mzee kujiamulia mambo ya maisha yake bila ya kuingiliwa, pamoja na kumchagua mwenyewe mtu wa kumtekelezea anayoyataka. Hata Zanzibar ina sheria yake ya masuala ya wazee tangu 2020. Maandiko hayo ni mazuri, na nayataja kwa sababu yanakitaja hasa kitu kilichopotea nyumbani kwetu. Lakini kisheria bibi alikuwa amemchagua mwakilishi wake mwenyewe, na karatasi zilikuwa sawa. Kilichosaidia ni mama kutoka Unguja, kukaa naye jikoni usiku mmoja, na kumuuliza swali ambalo hakuna afisa aliyemuuliza: “Mama, zinakufikia zote?” Mwezi uliofuata mwakilishi akawa mjukuu wa kike anayekaa naye, ambaye huzileta fedha zikiwa hazijafunguliwa. Mjomba alikasirika kwa muda, kisha akatulia. Naamini swali hilo la mama lingepaswa kuwa sehemu ya kazi ya ustawi wa jamii: mara moja kwa mwaka, mzee anayepokelewa na mwakilishi atembelewe nyumbani kwake na aulizwe peke yake.

Kiwango kilibaki 20,000 kwa miaka kadhaa huku bei za vitu zikipanda, mpaka kilipopandishwa kufikia 50,000 chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Ongezeko hilo lilionekana nyumbani mara moja. Bibi sasa hununua dawa ya presha duka la dawa zinapokosekana kituoni, badala ya kusubiri. Hata hivyo kiwango kinachopanda kwa uamuzi wa kiongozi kinaweza pia kusimama kwa miaka mingine mingi, na ingekuwa bora kifungwe na mwenendo wa bei ili mzee asihitaji huruma ya mtu. Umri wenyewe wa miaka 70 nao ni mkubwa. Sera ya Bara humtambua mzee kuanzia miaka 60, na mwanamke aliyepiga makumbi tangu utotoni hangojei 70 ndipo achoke.

Lakini kama ningeombwa nichague jambo moja la kurekebishwa kesho, ningechagua umri ulioandikwa kwa kukisia, kwa sababu kiwango kikipandishwa mara kumi hakimfai aliyeko nje ya mlango. Masheha wanawajua watu wao. Inawezekana kabisa afisa wa usajili akakaa shehiani siku mbili, akawaita wazee wa rika moja pamoja, wakathibitishana mbele ya kila mmoja: nani alichezwa na nani, nani alisoma chuo kwa mwalimu yupi, nani alikwisha kuolewa mwaka wa Mapinduzi, mtoto wa kwanza wa nani ana cheti cha mwaka gani. Ushahidi wa rika ni mgumu kughushi kuliko kiapo cha watu wawili, maana uongo wa mmoja huwageuzia umri wenzake wote. Na cheti cha mtoto wa kwanza peke yake kingetosha kuonyesha kwamba kadi nyingi za mama zina kasoro.

Bibi ana mdogo wake, aliyemfuatia ziwa, tofauti yao ni miaka miwili. Kadi ya mdogo huyo inasema amezaliwa 1958. Kwa ukweli alitimiza miaka 70 mwaka 2018. Kwa karatasi atatimiza 2028. Tumelifungua faili lake kwa utaratibu ule ule: barua ya sheha imo, kiapo kimo, na shahidi wa kwanza ni bibi mwenyewe, ambaye kadi yake sasa ni sahihi na ushahidi wake unakubalika. Shahidi wa pili alikuwa yule dada wa binamu aliyewabeba wote wawili mgongoni. Amefariki mwaka jana, kabla kadi yake mwenyewe haijarekebishwa. Bibi alikwenda mazikoni na kutoa ubani, na tangu wakati huo anatutajia majina ya watu wa makamo yake, mmoja mmoja, akijaribu kukumbuka ni nani kati yao aliye hai.